Huruma Yenye Mikono



Mwaka 411 mtawa wa Kichina aitwaye Faxian alipanda jahazi la wafanyabiashara kule Sri Lanka, akirudi kwao. Alikuwa ameondoka China mwaka 399, umri umeshakwenda, akakata jangwa na milima hadi India kutafuta maandiko ya dini yake. Sasa mzigo wake wa thamani ulikuwa vitabu na sanamu. Chomboni walikuwamo watu zaidi ya 200. Hawakufika mbali, dhoruba ikawapiga na jahazi likaanza kuvuja. Walikuwa wamefunga nyuma yake chombo kidogo, kwa ajili ya shida kama hiyo. Wafanyabiashara wakataka kukikimbilia, lakini waliokuwamo wakaogopa kuzidiwa, wakakata kamba. Waliobaki wakaanza kutosa shehena. Faxian naye akatosa gudulia lake na bakuli la kunawia. Hofu yake kubwa ilikuwa kwamba zamu ya vitabu ingefika. Ndipo akamwomba Guanyin kwa moyo wake wote. Dhoruba ilidumu siku 13, usiku na mchana, mpaka wakasukumwa kwenye kisiwa kimoja. Maji yalipokupwa wakaona panapovuja, wakapaziba, wakaendelea. Alifika China mwaka 412, na habari hizi kaziandika mwenyewe.

Huyo Guanyin ndiye mada yetu. Wahindi, waliomjua kwanza, walimwita Avalokiteshvara. Wajapani humwita Kannon, Watibeti Chenrezig, na Wakhmer wa Kambodia walimwita Lokeshvara. Hata Sri Lanka, kwenye mkondo wa Ubuddha usiomtukuza sana, yumo kwa jina la Natha, na hekalu lake mjini Kandy liko jirani na hekalu maarufu la Jino la Buddha. Nalitaja hili kwa sababu hekalu la Kibuddha tulilo nalo hapa Dar es Salaam, pale Upanga, lilianzishwa na Wasinghala wa mkondo huo. Mkienda kutembelea, na ninawashauri mwende, msitarajie kumkuta Guanyin wa mikono elfu.

Yeye ni bodhisatva. Bodhisatva ni mtu aliyefika karibu kabisa na kuvuka, yaani kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa, kuteseka, kufa na kuzaliwa tena, kisha akaweka nadhiri kwamba hatavuka peke yake. Wapo wengi. Huyu ndiye wa huruma, na hati yake ya kazi ni sura ya 25 ya andiko liitwalo Sutra ya Yungiyungi, katika tafsiri ya Kichina iliyoongozwa na Kumarajiva mwaka 406. Falsafa ngumu huikuti katika sura hiyo. Inataja moto, mafuriko, chombo kilichopeperushwa hadi nchi ya mazimwi, upanga wa mwuaji, pingu na minyororo. Inataja msafara wa wafanyabiashara wenye mali unaopita njia ya majambazi, na mwanamke anayetaka mtoto, wa kiume au wa kike. Kwa kila mmoja jibu ni lile lile: mwite jina lake, atasikia. Tena sura inasema humjia kila mtu kwa umbo linalomfaa, na maumbo hayo ni 33: mfalme, jemadari, mtawa, mwanamke wa nyumbani, mvulana, msichana, na kadhalika.

Najua wengi wetu humu ni watu wa msikitini na kanisani, na sanamu kwetu ni jambo lenye hukumu yake. Sikuja kumshawishi mtu. Naomba tuzitazame sanamu hizi kama wanavyozitazama wenye nazo, kuwa mahali pa kuelekezea ombi. Na wenye nazo hawana wepesi tunaowadhania. Mojawapo ya maandiko yao yanayosomwa sana, Sutra ya Moyo, linafundisha kwamba kila umbo ni tupu, halina kiini cha kudumu, na fundisho hilo limewekwa kinywani mwa Avalokiteshvara mwenyewe. Kisha watu hao hao wakachonga maumbo yake kwa maelfu.

Nilichokuja kusema ni kwamba katika imani hii huruma ni kazi kabla ya kuwa hisia, na aliyebeba mzigo wa kulionyesha hilo ni mchongaji. Mhubiri anaweza kusema "anawasikia wote" akapita. Mchongaji ana mti mmoja au mwamba mmoja mbele yake, na kiwiliwili kimoja cha kuchonga. Atafanyaje mtu mmoja awe kwa watu wote?

Twende kwanza Aurangabad, katika jimbo la Maharashtra nchini India, kwenye pango la 7, kazi ya karne ya 6. Mlangoni amechongwa Avalokiteshvara amesimama, mkubwa kuliko mtu. Pembeni mwake zimepangwa picha ndogo nane za mawe: moto, mtu mwenye upanga, minyororo, chombo kinachozama, simba, nyoka, tembo, na mauti. Katika kila picha wapo watu wanaoomba, na juu yao Avalokiteshvara yule yule, sasa mdogo, anakuja akiruka hewani. Kanheri, karibu na Mumbai, kuna mchongo wa aina hiyo pia, na maandishi ya kwenye miamba ya huko yanawataja wafanyabiashara wa Kalyan miongoni mwa waliotoa sadaka. Ile picha ya chombo kinachozama haikuwekwa kwa urembo. Watu hao walisafiri kwa kaskazi na kusi, pepo hizi hizi zetu, na walijua bahari inavyolipa.

Sasa angalieni hesabu ya mchongaji yule. Avalokiteshvara wake bado ana mikono miwili. Ili awafikie watu wa hatari nane, imebidi amchonge mara tisa. Inafaa, lakini ina hasara yake: yule mkubwa wa katikati amebaki kusimama tu, kazi wanaifanya wale wadogo. Macho ya mtazamaji yanaenda kwa mkubwa, na mkubwa hana analolifanya.

Suluhisho lilitoka katika maandiko ya baadaye, yaliyofika China katika karne ya 7, yaliyomweleza akiwa na mikono elfu moja na jicho katika kila kiganja. Kwa msomaji hayo ni maneno ya kutukuza, lakini kwa fundi ni oda.

Pahala pa kuona oda hiyo ikitekelezwa ni Sanjusangendo, mjini Kyoto, Japani. Ni jengo refu la mbao, kama mita 120 kutoka mwisho hadi mwisho. Lilijengwa mwaka 1164 kwa ajili ya Go-Shirakawa, mfalme aliyekwisha kuachia kiti, na mjengaji alikuwa mbabe wa vita Taira no Kiyomori. Moto uliliteketeza mwaka 1249. Watu waliingia wakatoa walichoweza, na kati ya sanamu 1,000 zilizosimama humo zikaokolewa 124. Nyingine zote zilichongwa upya, na jengo jipya likakamilika mwaka 1266. Katikati yuko Kannon mkubwa aliyeketi, kazi ya mchongaji Tankei, aliyeimaliza mwaka 1254 akiwa na miaka 82. Kulia na kushoto kwake wamesimama 500 na 500, safu nyuma ya safu, kila mmoja kimo cha mtu wa kawaida, wamepakwa dhahabu. Ukijumlisha na wa katikati ni 1,001. Ukarabati wake wa mwisho ulichukua miaka 45, ukaisha mwaka 2017, na mwaka uliofuata Japani ikazitangaza zile zilizosimama kuwa hazina ya taifa.

Tuhesabu mikono ya mmoja wao. Haifiki elfu. Ni 42. Miwili imekutanishwa mbele ya kifua kwa kuomba, inabaki 40. Mafundisho yanasema kuna ulimwengu 25 wenye viumbe wanaoteseka, na kila mkono unafanya kazi katika wote 25. Arobaini mara 25 ni elfu moja. Wapo wanaocheka hesabu hii wakiona ni ujanja wa fundi wa kukwepa kazi. Mimi naiona ni busara ya hali ya juu. Mikono elfu moja halisi kwenye mti wenye kimo cha mtu ingekuwa kichaka, na kichaka hakimsaidii mtu. Arobaini inaonekana mmoja mmoja.

Na lazima ionekane mmoja mmoja, kwa sababu ndani yake kuna vitu. Huu umeshika kamba. Huu shoka, huu upinde, huu mshale, huu ngao. Upo wa gudulia la maji, wa bakuli, wa kioo, wa kengele, wa tasbihi, wa usinga. Upo wenye kombe la kupuliza, upo wenye kichala cha zabibu, upo wenye fuvu la kichwa. Mmoja umeinua duara la jua, mwingine la mwezi. Kila kimoja kina shida yake inayotibiwa: bakuli kwa maradhi ya tumbo, ngao kwa wanyama wakali, duara la jua kwa wasioona. Hapo ndipo hoja yangu inaposimama. Ukimwomba mtu wa kawaida achore huruma, atachora uso wenye machozi. Wachongaji hawa walichora mtu aliyekuja na zana zote kwa sababu hajui atakuta nini. Nyuso zenyewe, na kila mmoja ana 11 kichwani, zimetulia, baadhi zina ukali.

Ufundi uliowezesha haya nao unastahili dakika chache. Mchongaji wa Kimakonde pale Mwenge huanza na gogo moja la mpingo, na watu wote wa sanamu ya Ujamaa, waliopandana mabegani, wanatoka katika gogo hilo. Akiharibu mkono mmoja hana pa kuupata mwingine. Kyoto walikwenda kinyume. Waliunganisha vipande vya hinoki, mti wa jamii ya msaipresi, kila kipande kimetobolewa ndani kiwe chepesi na kisipasuke kikikauka. Njia hiyo ilikamilishwa na fundi Jocho katika karne ya 11. Faida yake ni kwamba watu wengi huweza kufanya sanamu moja kwa pamoja: huyu kichwa, huyu kiwiliwili, huyu mikono tu tangu asubuhi hadi jioni. Bila mgawanyo huo sanamu zaidi ya 870 zisingerudi katika muda mfupi vile. Sitaki kulifanya jambo hili fumbo, lakini inapendeza kwamba mwenye mikono mingi alitengenezwa na mikono mingi.



China walitaka kujua mikono hiyo ilitoka wapi, na jibu walilolipata ni kisa cha binti. Mwaka 1100 kisa hicho kilichongwa kwenye jiwe katika hekalu la Xiangshan, mkoani Henan, kwa juhudi za afisa mmoja aliyeitwa Jiang Zhiqi. Mfalme alikuwa na binti watatu. Wa tatu, Miaoshan, alikataa kuolewa, akataka utawa. Baba akamtesa kwa kazi ngumu, hakubadilika. Akaamuru auawe, akaokolewa kimiujiza, akaishi mlimani bila baba kujua. Miaka ikapita, mfalme akaugua ugonjwa usio na dawa. Mtawa mgeni akamwambia dawa ipo, lakini inatengenezwa kwa macho na mikono ya mtu asiye na hasira hata chembe, na mtu huyo yuko mlima fulani. Wajumbe wakatumwa. Miaoshan akatoa macho yake, akatoa mikono yake. Mfalme akapona, akaenda kumshukuru aliyemponya, akamkuta kiumbe kipofu asiye na mikono, na mke wake akamtambua: ni mtoto wetu. Hapo ndipo akadhihirika kuwa Guanyin, na badala ya viwili viwili alivyovitoa akawa na elfu elfu.

Mtafiti Chün-fang Yü, katika kitabu chake kikubwa juu ya Guanyin kilichotoka mwaka 2001, anaonyesha jinsi visa kama hiki vilivyosaidia kumgeuza Guanyin kuwa mwanamke. India alikuwa mwanamume. Gandhara walimchonga hata na masharubu. China, kuanzia karne ya 10 hivi, akaanza kuonekana mwanamke, na hatimaye watu wakasahau kwamba aliwahi kuwa vingine. Mimi kilichonishika katika kisa ni sharti la dawa. Mtawa yule hakudai mikono ya mtu mwenye upendo mwingi. Alidai ya mtu asiye na hasira, na mtu pekee aliyefaa ni yule aliyekuwa na sababu zote za kuwa nayo. Tena kwa jamii ya Kichina, ambamo kumtii mzazi ni nguzo, hiki ni kisa cha hatari: binti anakaidi amri ya baba, halafu ndiye anayemtumikia baba kuliko mtoto yeyote mtiifu.

Dazu, katika eneo la Chongqing, mikono hiyo imechongwa katika mwamba. Pale Baodingshan, ambako mtawa Zhao Zhifeng alisimamia kazi kati ya miaka ya 1170 na katikati ya karne ya 13, ukuta mzima umejaa viganja vilivyotandazwa na kupakwa dhahabu, kila kimoja na jicho lake. Kwa miaka mingi watu walisema ni 1,007. Ukarabati ulipoanza mwaka 2008 mafundi waligawa ukuta katika vipande, wakahesabu mkono kwa mkono. Ni 830. Waliupoteza ule wa elfu, kama mnavyoona, na waabudu hawakupungua. Vidole vingi vilikuwa vimekatika, dhahabu imebanduka, jiwe limelika kwa unyevu. Kazi iliisha mwaka 2015.

Sasa kuna sanamu inayonipinga, na sitaificha. Iko Marekani, katika jumba la makumbusho la Nelson-Atkins, Kansas City. Ni Guanyin wa mti wenye rangi, kutoka kaskazini mwa China, karne ya 11 au ya 12, kimo chake zaidi ya mita mbili. Ameketi juu ya mwamba. Mguu mmoja unaning'inia, mwingine ameukunja juu, goti limesimama, na mkono wa kulia umelala juu ya goti hilo, vidole vimelegea. Mikono yake ni miwili na haishiki kitu. Mtindo huu huitwa Guanyin wa maji na mwezi, kwa sababu huaminiwa yuko kwake kisiwani, anatazama mwezi majini. Ni nzuri kiasi cha kumfanya mtu asahau hoja yake, na kwa dakika chache mimi niko tayari kuisahau. Huruma gani hii iliyokaa na kupumzika? Nikijitetea nitasema: mguu ule unaoning'inia uko tayari kugusa ardhi, hajakunja yote miwili kama mtu aliyezama katika tafakuri. Lakini sitausukuma utetezi huo mbali. Huenda waliokuwa wakimwendea walichoka na zana, wakataka mtu wa kukaa naye.

Kambodia tunakutana na matumizi mengine. Mfalme Jayavarman VII, aliyeanza kutawala mwaka 1181, alijenga hekalu la Bayon lenye minara ya nyuso kubwa za mawe, macho chini, midomo inakaribia kutabasamu. Wataalamu wengi huzitambua kuwa za Lokeshvara, na wengi vilevile huona ndani yake sura ya mfalme mwenyewe. Maandishi ya hekalu la Ta Prohm ya mwaka 1186 yanataja hospitali 102 za utawala wake, na maandishi ya hospitali hizo yanasema maradhi ya raia yalimwuma mfalme kuliko yake. Nazisifu hospitali. Lakini katika kuta za Bayon hiyo hiyo zimechongwa vita vyake na Wacham, maiti zikianguka majini na mamba wakisubiri. Uso ulio juu hauna mkono hata mmoja, ila unatazama pande zote nne. Mwananchi aliyepita chini yake alipaswa kujisikia anahurumiwa au analindwa asitoroke? Mfalme anapojivika sura ya bodhisatva, mimi huangalia kwanza mikono iko wapi.

Kuanzia karne ya 17 mambo yaligeuka kwa namna isiyotarajiwa. Mafundi wa Dehua, mkoani Fujian, walikuwa wakichoma kauri nyeupe, na bidhaa yao mojawapo ilikuwa Guanyin mdogo aliyepakata mtoto, anayeombwa na wanaotaka uzazi. Kiganja kimoja cha mtu kingetosha kumbeba. Japani ilikuwa imepiga marufuku Ukristo mwaka 1614, na katika eneo la Nagasaki watu walilazimishwa kukanyaga picha takatifu kuthibitisha kwamba si Wakristo. Walioikana imani mbele za watu na kuishika nyumbani walihitaji sura isiyowasaliti afisa akiingia. Wakamchukua Guanyin wa Dehua. Kwa mpekuzi alikuwa Kannon wa kawaida. Kwa mwenye nyumba alikuwa Bikira Maria na mwanawe. Leo huitwa Maria Kannon, na baadhi ya zile zilizokamatwa na serikali ya Nagasaki zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Mwaka 1865 waumini hao walijitokeza kwa padri wa Kifaransa katika kanisa la Oura, na mwaka 1873 marufuku ikaondolewa. Fundi wa Dehua hakukusudia lolote kati ya haya. Hata hivyo, katika orodha ya maumbo 33 sioni linalompita huyu kwa kumficha mtu aliye hatarini.

Siku hizi wanamjenga kwa saruji na chuma. Hainan, kusini mwa China, yupo wa mita 108 aliyekamilishwa mwaka 2005, ana nyuso tatu, moja inatazama nchi kavu na mbili bahari. Sendai, Japani, yupo wa mita 100 wa mwaka 1991, ameshika kito na gudulia. Unalipa kiingilio, unapanda lifti ndani ya mwili wake, unatazama mji kupitia vidirisha. Mhandisi namvulia kofia. Kama mtazamaji wa sanamu, naona mikono imerudi kuwa miwili, na gudulia lenye ukubwa wa nyumba halionekani tena kuwa gudulia kwa mtu aliyesimama chini.

Ndugu Mwenyekiti, Tibet nimeiacha makusudi. Habari ya Dalai Lama anayeaminiwa kuwa Chenrezig katika mwili, na ya kasri ya Potala iliyopewa jina la mlima wake, inataka jioni yake. Lakini mwenye swali juu ya hilo aulize pia.